Baba Yupo, Ila Hatoi

Mwenge, Dar es Salaam

Msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu ukifika, steshenari za Mwenge hufanya kazi tatu kwa mpigo: kupiga picha za pasipoti, kuskani vyeti na kusuluhisha mambo ya ukoo. Hiyo ya tatu haimo kwenye orodha ya bei iliyobandikwa ukutani. Mwombaji anakaa kwenye kiti cha plastiki, dada wa kompyuta anafungua mfumo wa maombi, OLAMS, namba ya mtihani wa kidato cha nne inaingizwa, na haipiti muda linafika swali la wazazi. Hapo ndipo sauti hushuka.

Nilikuwa nasubiri nakala zangu nilipomsikia kijana aliyetoka Singida akijibu, "Yupo, dada. Ila hatoi."

"Hatoi nini?"

"Hatoi chochote. Tangu niko darasa la tatu."

Dada akabofya kwamba baba yu hai, akasogea mstari unaofuata. "Mdogo wangu," akamwambia bila kugeuka, "huku hakuna sehemu ya hatoi."

Kazi yangu ya kuandika imenipitisha miji kadhaa tangu siku ile, na kila nilipofika nimeuliza swali la kijana huyo: kwenu huku, mwanafunzi ambaye baba yake yupo ila hatoi mnamfanyaje? Majibu niliyoyapata ndiyo haya. Sikuyapanga kwa mfuatano wa safari.

Nianze na kwetu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kugawa fedha si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumjua asiyenazo. Watu wengi nchini hawana hati ya mshahara, kwa hiyo Bodi inatafuta alama zinazothibitika kwa karatasi: uyatima, ulemavu, kaya kuwa kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, na nani alikulipia ada ulipokuwa sekondari. Mwombaji analipa shilingi 30,000, anachapa fomu, anaipeleka kwa viongozi wa serikali ya mtaa na kwa wakili au mahakamani ikagongwe muhuri, mdhamini anatia saini, kisha kurasa zilizosainiwa zinarudishwa kwenye mfumo. Cheti cha kifo cha mzazi hakipokelewi hivi hivi. Lazima kwanza kihakikiwe na wakala wa usajili, RITA, na kwa Zanzibar na ZCSRA.

Sasa fuata mantiki yake. Kifo kina cheti. Ulemavu una daktari wa kuuthibitisha. TASAF ina orodha ya kaya. Lakini baba aliyekwenda Geita kuchimba dhahabu akaanzisha mji mwingine huko, hakuna ofisi inayomwandikia cheti cha kutoweka. Mtoto wake anaweza kuwa na hali mbaya kuliko yatima wengi, maana yatima angalau ana baba mdogo anayeona haya kumtupa mbele ya ukoo, huyu kila mtu anamwambia, "Si una baba?" Na mfumo unamwambia vilevile.

Halafu kuna jambo la mjomba. Mjomba akikusomesha shule ya binafsi kwa miaka minne, kwa jasho lake na mkopo wa SACCOS, ada ile inakuja kusomwa kama dalili kwamba kwenu mnazo. Usipoleta barua ya kuonyesha kwamba ulifadhiliwa, wema wa mjomba unageuka ushahidi dhidi yako. Nimewaona waliokosa mkopo kwa njia hiyo, na nimemwona mjomba mmoja akijilaumu kwamba bora angemwacha mtoto akae shule ya kata.

Umri wako kwetu hausaidii kitu. Unaweza kuwa na miaka 33, mke na watoto wawili, bado fomu inauliza habari za wazazi wako. Umri unaingia kwa upande mmoja tu, wa kukuzuia: ukipita 35 umetoka. Kati ya hapo hakuna siku ambayo nchi inakutazama ikasema huyu sasa ni wa kwake. Anayepata mkopo anapata boom, fedha ya kujikimu, iliyopandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na akiajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Hapo kwenye kukatwa, baba haulizwi tena.

Nairobi

Wakenya wameipeleka hesabu hii mbali zaidi. HELB, bodi yao ya mikopo, ilianzishwa mwaka 1995, na kwa miaka mingi fomu yake ilikuwa mwendo uleule wa chifu, kiongozi wa dini, wakili na wadhamini. Mei 2023 Rais William Ruto akatangaza mfumo mpya: mwanafunzi anajaza habari za kaya yake mtandaoni, kompyuta inapima, anapewa bendi. Bendi ya kwanza ni ya kaya yenye kipato kisichozidi shilingi 5,995 za Kenya kwa mwezi, na familia inaachiwa asilimia 5 tu ya karo. Bendi ya tano ni ya wanaopata zaidi ya 120,000, ambao wanabeba asilimia 40.

Ukipanda matatu kutoka katikati ya jiji kwenda Kenyatta University utasikia bendi zikijadiliwa kama ligi ya mpira. Binti wa mama mboga kawekwa bendi ya nne, mtoto wa mwenye nyumba za kupanga yuko ya pili. Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba Agosti 2024 Rais aliunda kamati kubwa ya kuupitia mfumo wenyewe, na tarehe 20 Desemba mwaka huohuo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akasema unakwenda kinyume cha katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaisimamisha hukumu hiyo, na bendi zikaendelea.

Binafsi kompyuta hainipi shida. Kilichonipa shida ni kwamba inapima kaya, na kaya ni nini hasa? Mama anauza nguo za mitumba Gikomba, baba ni mwalimu Kakamega na hajatuma kitu tangu mtoto aingie kidato cha kwanza. Ukimwandika baba, mshahara wake unakupandisha bendi. Usipomwandika, umedanganya serikali. Chifu ndiye aliyekuwa anaweza kukaa katikati ya mambo hayo mawili, kwa sababu chifu anaijua nyumba na anaujua ugomvi wake. Barua yake ndiyo kitu nilichokiona Afrika Mashariki kinachokaribia zaidi cheti cha baba asiyetoa. Najua pia kuna machifu wanaotaka "kitu kidogo" kabla kalamu haijatoka mfukoni.

Kenya ina mlango mwingine ambao wengi hawaujui. Sheria ya watoto ya 2022, kama iliyotangulia, inairuhusu mahakama kurefusha wajibu wa mzazi kupita miaka 18, na akina mama wamewafikisha akina baba mahakamani kwa ajili ya karo ya chuo wakashinda. Wakili mmoja aliniambia tatizo la mlango huo ni yule wa kuusukuma. Mama anachoka, na mtoto anaogopa laana.

Bayreuth, Ujerumani

Chuo Kikuu cha Bayreuth huandaa kongamano la Kiswahili, na watu wa lugha hukusanyika pale kutoka kila upande. Nilikwenda kusikiliza mada. Kilichokaa kichwani ni mazungumzo ya wakati wa kahawa, na binti wa Kijerumani anayeongea Kiswahili sanifu kuliko nusu ya Wabunge wetu.

Baba yake ni daktari wa meno. Binti alianza sheria, akaiacha muhula wa pili, akahamia lugha za Kiafrika. Baba akasema hatalipia upuuzi. Kwetu habari ingeishia hapo, au ingekwenda kwa shangazi. Ujerumani ilikwenda ofisi ya BAföG.

BAföG ni jina la sheria ya 1971 ya kuwasaidia wanafunzi, na watu wameligeuza kuwa jina la fedha yenyewe. Tangu muhula wa baridi wa 2024 mwanafunzi asiyeishi kwa wazazi anaweza kupata hadi euro 855 kwa mwezi, na 992 kama anajilipia bima ya afya. Nusu ni ruzuku, nusu ni mkopo usio na riba, na hata ukisoma hadi mvi zitoke hutadaiwa zaidi ya euro 10,010. Lakini kwanza wazazi wanahesabiwa. Kila mzazi ana fomu yake, Formblatt 3, ya kueleza alichopata mwaka juzi. Daktari wa meno alikataa hata kuijaza.

Binti akachukua fomu nyingine, Formblatt 8. Alinionyesha nakala kwenye simu: karatasi kavu, visanduku vya kuweka alama, hakuna mahali pa kulia. Kwa fomu hiyo mwanafunzi anaieleza ofisi kwamba wazazi hawatoi kiasi ambacho hesabu inasema watoe, au wamegoma kutoa taarifa, na kwamba masomo yako hatarini. Ofisi ikamwandikia baba, ikamsikiliza, akashikilia lake. Basi ofisi ikaanza kumlipa binti fedha zile ambazo baba alipaswa kutoa, na deni likahama. Kisheria mzazi wa Ujerumani anawajibika kumtunza mwanawe hadi amalize mafunzo yake ya kwanza ya kazi, na dai hilo la mtoto sasa linashikwa na serikali. Serikali ndiyo inayomwandikia daktari wa meno barua za kumdai.

Nikamuuliza kama baba hakukasirika.

"Amekasirika na ofisi," akasema. "Afadhali."

Nimeligeuza jibu hilo mara nyingi. Kesi ya Nairobi inamtaka mama amshitaki baba, au mtoto amshitaki baba. Hapa mgomvi wa baba ni mtu aliye dirishani, anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo na asiyemwogopa. Mtoto anabaki mtoto. Akienda nyumbani Pasaka, mada ipo, lakini mkono ulio shingoni mwa baba si wake.

Wajerumani wana pia njia ya kuwaacha wazazi kando kabisa. Ukianza masomo ukiwa umetimiza miaka 30, wazazi hawahesabiwi. Ukiwa umefanya kazi na kujilisha kwa miaka mitano baada ya kutimiza 18, hawahesabiwi. Ukiwa umesoma ufundi kwa miaka mitatu kisha ukafanya kazi mitatu, hali kadhalika. Na anayerudi kusoma sekondari ya jioni naye yumo. Fikiria vijana wetu wanaokwenda huko kusomea uuguzi kwa miaka mitatu na kubaki kazini. Mmoja wao nilimkuta Nürnberg, mzaliwa wa Mbeya, ana kibali cha kudumu na anapanga kuingia chuo kikuu. Mama yake Tukuyu hajui na hana haja ya kujua kwamba kuna fomu imemwachilia. Hesabu iliyomtoa binti huyo chini ya wazazi ni ya zamu za usiku, na hati zake za mshahara ndizo ushahidi. Mimi naiona hiyo ndiyo njia ya heshima kuliko zote nilizokutana nazo. Humlazimu mtu kusema neno baya juu ya nyumba yake.

London, upande wa mashariki

Uingereza ina orodha ndefu, na ukiisoma haraka utadhani ni ya ukarimu. Mwanafunzi anahesabiwa kuwa hategemei wazazi akiwa na miaka 25 mwaka wa masomo unapoanza. Akiwa ameoa au ameolewa. Akiwa analea mtoto. Akiwa amejitegemea kwa miaka mitatu kabla ya kozi. Akiwa hana mzazi aliye hai. Akiwa amelelewa na serikali. Au akiwa ametengana kabisa na wazazi. Nje ya orodha hiyo, kipato cha nyumbani kinaingia kwenye hesabu, pamoja na cha mume au mke mpya wa mzazi unayeishi naye.

Kwa anayesoma London huku akiishi nje ya kwao, mkopo wa juu wa kujikimu kwa 2025/26 ulikuwa pauni 13,762. Anayeupata wote ni yule ambaye kwao wanaingiza pauni 25,000 au chini kwa mwaka, na kiwango hicho hakijaguswa tangu 2008, kana kwamba mkate bado ni ule wa 2008. Juu ya hapo mkopo unapungua, na inachukuliwa kwamba wazazi watajaza pengo. Tofauti na Ujerumani, hakuna anayewalazimisha kulijaza.

Barking nilifikia kwa rafiki wa zamani wa Mombasa. Binti wa kambo wa jirani yake, mama Mkenya, baba wa kambo Mwingereza dereva wa treni, alikuwa mwaka wa kwanza chuoni. Madereva wa treni kule wanalipwa vizuri sana. Mshahara wa baba wa kambo uliupunguza mkopo wa binti karibu nusu, na baba wa kambo mwenyewe, mtu mpole kabisa, msimamo wake ni kwamba mtoto si wake. Mama anakatika katikati. Mfumo una jibu kwa binti huyu, na jibu ni kwamba wazazi kutotaka kulipa si utengano.

Utengano ni jambo jingine. Unatakiwa uonyeshe kwamba hamna mawasiliano, kwa kawaida kwa mwaka mmoja au zaidi, na kwamba hamtapatana. Barua iandikwe na mtu anayekujua kikazi: mwalimu, daktari, mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mwaka 2018 magazeti ya huko yaliripoti kwamba kampuni ya mikopo ya wanafunzi ilikuwa imepekua mitandao ya kijamii ya baadhi ya wanafunzi wa kundi hili, kutafuta dalili kwamba bado wanaongea na kwao. Binti wa Barking alikuwa ana rafiki wa kundi hilo, na ndiye aliyeniambia kinachomtisha rafiki yake: "Bibi yao anaumwa. Akifa, ataenda mazikoni au hataenda? Mama yake atakuwepo."

Sina ugomvi na kuzuia udanganyifu. Fedha ni ya umma. Lakini kuna uonevu katika kumpa mtoto fedha kwa sharti la kuuthibitisha ugomvi wake kila mara kwamba haujapona. Wajerumani wanachukulia kwamba familia itabaki familia na kuidai. Waingereza wanamtaka mtoto achague: ama una mama na mama atoe, ama huna.

Nilipouliza kuhusu ndoa, mama wa nyumba niliyofikia alicheka hadi akaweka kikombe chini. Kwamba ukioa leo, kesho serikali inakuhesabu mtu mzima usiyetegemea wazazi, hata kama harusi yenyewe imelipiwa na wazazi! Kwetu Mombasa, alisema, ukioa ndipo unapoanza kutegemea vizuri.

Malmö

Hapa sina mengi. Treni inavuka daraja kutoka Copenhagen, unashuka, unauliza swali lako, na mtu anakutazama asielewe umeuliza nini. Msaada wa masomo ya chuo Sweden unatolewa na mamlaka iitwayo CSN, yenye makao makuu Sundsvall, ruzuku na mkopo kwa pamoja, na tangu miaka ya 1960 kipato cha wazazi hakimo kwenye hesabu ya mwanafunzi wa chuo kikuu. Wanaangalia kipato chako wewe, na maendeleo yako darasani. Mtoto wa bwanyenye na mtoto wa mfagiaji wanapata sawa. Bwanyenye anabanwa kwenye kodi.

"Kwa nini wamuulize baba?" aliniuliza kijana mwenye asili ya Bujumbura anayesomea uhandisi. "Deni si langu?"

Kisha akaniambia kwamba kila mwezi anaikata fedha hiyo na kumtumia mama. Sweden haikumuuliza anayemtegemea yeye, na hapo nayo ina upofu wake, ila ni upofu ninaoweza kuishi nao.

Louisville, Kentucky

Louisville ina Wakongomani wengi waliopitia kambi za Tanzania, Uganda na Kenya, na Kiswahili unakisikia kwenye foleni ya duka la vyakula kama uko Uvira. Jioni moja nilikaa kwenye ukumbi wa kanisa ambako vijana walikuwa wakijaziana FAFSA, fomu ya serikali kuu ya Marekani ya kuomba msaada wa masomo. Wali na sombe vilikuwa vikipoa mezani kwa sababu hakuna aliyetaka kuacha kompyuta kabla haijahifadhi.

Marekani ndiyo yenye mstari mkali kuliko wote. Kabla ya miaka 24, wewe ni wa wazazi. Unatoka chini yao ukioa au kuolewa, ukiwa na mtoto unayemlisha, ukiwa au ukiwahi kuwa mwanajeshi, ukiwa umepoteza wazazi wote wawili au umelelewa na serikali wakati wowote baada ya kutimiza miaka 13, ukiwa chini ya mlezi aliyewekwa na mahakama, ukiwa huna makazi na huna wa kukuangalia, au ukiwa tayari unasoma shahada ya uzamili. Kuishi mwenyewe na kujilipia kila kitu hakutoshi. Na lile swali la Mwenge wamelijibu kwa maandishi: mzazi kukataa kuchangia, au kukataa kujaza sehemu yake ya fomu, si sababu ya kumhesabu mwanafunzi kuwa hategemei.

Tofauti si ndogo. Mwaka wa kwanza, anayehesabiwa wa wazazi anaweza kukopa kwa serikali hadi dola 5,500. Asiyehesabiwa wa wazazi, 9,500. Ruzuku ya Pell, ambayo hairudishwi na kwa 2025–26 ilifika dola 7,395, inategemea kipato cha nani kimeingia kwenye hesabu.

Wenye akili zao waliuona mlango wa mlezi wa mahakama mapema. Mwaka 2019 waandishi wa habari walifichua kwamba huko Illinois, hasa katika vitongoji vya Lake County vyenye nyumba za bei mbaya, wazazi matajiri walikuwa wakienda mahakamani kuukabidhi ulezi wa watoto wao kwa shangazi, babu au rafiki, miezi michache kabla mtoto hajatimiza 18. Mtoto haendi popote. Analala chumba kilekile. Karatasi tu ndiyo imebadilika, na kwa karatasi hiyo kipato cha baba kinatoweka. Chuo Kikuu cha Illinois kilishtuka kuona maombi yanafanana. Majaji walikuwa wamesaini, hakuna sheria iliyovunjwa. Baba hao walikuwepo, walikuwa nazo, na walikwenda kwa wakili ili wahesabike hawapo.

Kijana niliyekaa naye Louisville alikuwa na tatizo la kinyume. Wazazi wake wako Fizi, au walikuwa Fizi mara ya mwisho habari zilipofika. Aliyemtoa kambini Nyarugusu, akamleta Marekani, akamsomesha na kumnunulia koti la baridi ni baba yake mdogo. "Huyu njo baba yangu," aliniambia akimwonyesha mzee aliyekuwa akipanga viti. FAFSA haimtambui. Baba mdogo, mjomba, bibi, kaka, hata akulee tangu tumboni, si mzazi wa fomu hiyo mpaka mahakama iseme. Watu wa Lake County walilijua hilo. Mzee wa viti hakulijua, wala hakuwa na fedha ya wakili.

Umri wake nao ulikuwa na kituko. Kwa 2025–26 fomu iliuliza: ulizaliwa kabla ya Januari 1, 2002? Nyaraka zake zinasema alizaliwa Januari 1, 2002. Zimesema hivyo kwa sababu karani wa usajili kambini, akikuta familia inayokumbuka mwaka lakini haikumbuki siku, huandika tarehe moja ya mwezi wa kwanza. Pale ukumbini nilihesabu vijana sita wenye siku hiyohiyo ya kuzaliwa; wameizoea, wanaifanyia sherehe ya pamoja. Angeandikiwa Desemba 31, siku moja tu kabla, asingekuwa na la kueleza mwaka huo.

Kuna dirisha lililobaki. Sheria mpya ya FAFSA inamruhusu ofisa wa misaada wa chuo kumwondoa mwanafunzi chini ya wazazi kwa mazingira yasiyo ya kawaida, na imewataja wazi wakimbizi waliotenganishwa na wazazi wao. Ofisa husikiliza, hudai ushahidi, huamua. Kijana alikuwa ameambiwa alete barua za watu wawili wanaoyajua maisha yake, na mchungaji alikuwa akiandika yake palepale kwa Kiswahili, dada mmoja akiitafsiri mstari kwa mstari. Wakati huo wenzake walikuwa wakimpa ushauri wa njia fupi zaidi: aoe. Mchumba yupo, wote wanamjua, yuko kwaya ya pili. Siku ya kufunga ndoa anatoka chini ya wazazi, bila barua, bila ofisa.

"Ningeoa hata kesho," akasema. "Lakini wazee wa binti wanataka baba mudogo aende akaketi nao kwanza. Bila yeye hawanipi."